Sisi wadogo wa skuli, kazi yetu ni kubeba viti tu?

Bi Mshauri, nashikamoo.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili katika skuli ndogo ya sekondari, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Sitaji skuli wala kijiji, maana sisi ni wachache na atakayesoma atanijua. Skuli nzima, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, hatufiki mia mbili.

Kaka yangu alisoma mjini Chake. Nilipokuwa msingi alikuwa akituhadithia midahalo, nyimbo, mashindano na matembezi ya skuli yao, nami nikawa nahesabu siku niingie sekondari. Mwaka jana nikaingia. Mambo hayo na kwetu yapo, lakini yote ni ya kidato cha tatu na cha nne. Timu ya mpira ni yao, ya mpira wa pete ni yao. Kwenye mdahalo wanazungumza wao, sisi tunakaa nyuma tunapiga makofi. Siku ya mahafali tulichota maji, tukatandika mabusati, tukaosha sahani. Viti havikutosha, tukavifuata skuli ya msingi na kuvibeba kichwani. Pilau ilipotufikia ilikuwa wali tu, nyama imekwisha.

Mwaka huu skuli ilipofunguliwa amekuja Maalim mgeni, akakabidhiwa michezo na shughuli za wanafunzi. Alituita mimi na mvulana mmoja wa darasa letu, akasema, "Nataka kidato cha kwanza na cha pili muwe na mwaka wenu. Niandikieni ratiba yenu mpaka skuli kufungwa." Nilifurahi, Bi, usiku sikupata usingizi. Tukaandika mpira wa miguu, mpira wa pete, mdahalo kila wiki, bustani ya mboga, kikundi cha kasida, jarida la ukutani, skauti, usafi wa pwani, na safari ya Unguja kuona Mji Mkongwe.

Sasa mambo yamenizonga. Kiwanja ni kimoja, na wakubwa wakimaliza masomo wanakikalia mpaka jua linazama. Kwa ajili ya safari na kununua mipira tulikubaliana kila mtu atoe shilingi elfu mbili kwa mwezi. Wengi hawakutoa, na wasiotoa wameacha kuja hata kwenye mikutano. Rafiki yangu mmoja analelewa na bibi yake, tangu siku ile tulipokusanya pesa ananikwepa njiani. Wasichana nao wazee wao hawataki wabaki skuli. Tukitoka tuna chuo cha Qur-ani, na tukirudi chuoni kazi za nyumbani zinatungoja.

La kuniumiza zaidi ni hawa watoto wapya wa kidato cha kwanza. Wakubwa wanawatuma dukani, wanawavua viatu na kuvificha, wanawasimamisha mbele waimbe ili wachekwe, eti ndiyo kukaribishwa. Na baadhi ya wenzangu wa kidato cha pili wanasema mwaka jana tulifanyiwa sisi, mwaka huu ni zamu yetu kufanya.

Baba amesikia habari za ratiba. Ameniambia, "Mwaka huu una mtihani. Ukianguka usije kulia kwangu. Yaache hayo." Mama amenyamaza.

Bi, nimrudishie Maalim karatasi yake? Na kama niendelee, nianzie wapi?

Mwanao, kidato cha pili, Kaskazini Pemba

*

Marahaba mwanangu, Mwenyezi Mungu akukuze.

Karatasi usiirudishe. Nenda nayo kwa Maalim ikiwa imefutwa zaidi ya nusu, na kinachobaki kishikeni kwa mikono miwili.

Nimesomesha skuli za vijijini miaka mingi, nyingine ndogo kuliko yako, na barua yako imenigusa kuliko nyingi ninazopokea. Mtoto anaingia kidato cha kwanza na miaka kumi na tatu, kumi na nne, ana hamu ya kila kitu. Tunamwambia asubiri. Asubiri akuwe ndiyo aseme mbele ya watu, asubiri kidato cha tatu ndiyo acheze. Lakini katikati ya njia upo mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na huo ndio unaoamua nani apande na nani asipande. Wapo watakaoishia hapo. Kwa watoto hao, miaka hii miwili mnayoiita ya wadogo ndiyo sekondari yao yote. Mimi sikubali sekondari ya mtoto iishe kwa kubeba viti vya mahafali ya wengine.

Kwa hiyo Maalim wako ana haki, na wewe usimwangushe. Ila mmeandika mambo ya skuli ya watoto elfu mbili, na nyinyi hamfiki mia mbili.

Anza kwa kufuta safari ya Unguja. Najua itakuuma. Nauli ya boti, gari, chakula na pa kulala ni mzigo ambao wazee wengi wa vijijini hawauwezi, na mkienda mtakwenda wachache, kisha waliobaki watasikiliza hadithi mwaka mzima. Pamoja nayo futa mchango wa elfu mbili. Ufute hadharani, mbele ya madarasa yote mawili, na waliotoa warudishiwe pesa zao. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar, na kila mwaka skuli zetu zinaiadhimisha siku hiyo kwa tamasha. Haifai mtoto aingie darasani bila ya kulipa, kisha mlangoni mwa shughuli za wenzake akutane na ada. Liwe sharti lenu la mwaka: jambo linalomfungia nje mtoto mmoja kwa sababu ya pesa, si jambo la darasa.

Skauti ifute, inataka kiongozi aliyefunzwa na hamkunitajia kuwa mnaye. Bustani nayo inataka maji kila siku, hata siku za likizo. Kama kisima hakipo karibu na skuli, iacheni. Usafi wa pwani ufanyeni mara moja, siku ambayo kijiji kizima kinasafisha.

Sasa kiwanja. Wakubwa wanakikalia kwa sababu hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani inayosema vyengine. Usigombane nao, wala usiwatume wavulana wa darasa lenu wakagombane. Mwombe Maalim aandike zamu za kiwanja kwa mkono wake, azipige muhuri na kuzibandika nje ya ofisi ya walimu. Ombeni siku moja tu kwa wiki iwe yenu, na nitakwambia ni siku gani. Siku hiyo nusu ya kiwanja ichezwe mpira, nusu nyengine wasichana wachezeni nage. Nage haina gharama. Mpira wa soksi unatosha, na mchezaji mzuri wa nage ana macho na miguu ambayo mpira wa pete unaitafuta.

Hapo kuna jambo ambalo nadhani hamjaliona. Udogo wa skuli unakupeni nguvu. Mpira wa miguu unataka wachezaji kumi na moja, wa pete saba, na wa akiba juu yake. Hesabu wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, toa wasiocheza, toa wanaoumwa, toa wanaosaidia nyumbani. Sidhani kama timu inajaa. Mashindano ya UMISSETA hukutanisha wanafunzi wa sekondari wa nchi nzima, Zanzibar nayo hupeleka timu yake, na safari ya kufika huko inaanzia kwenye mechi za skuli jirani kama zenu. Maalim akitaka timu itakayoshinda hata skuli ya kijiji cha pili, lazima achukue wadogo. Mwambie hivyo kwa adabu, na umpelekee majina ya watatu au wanne wanaoweza. Katika skuli kubwa mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kumaliza mwaka asijulikane jina. Kwenu nyinyi kila mtoto anahitajika, na mtoto akijua kuwa anahitajika, skuli haikosi.

Siku niliyokuahidi ni Alhamisi. Vyuo vingi vya Qur-ani huku kwetu havisomeshi Alhamisi jioni na Ijumaa, na usishindane na chuo, utashindwa na hustahiki kushinda. Alhamisi, baada ya masomo, rudini nyumbani, salini, kuleni, wasaidieni mama zenu. Mkutane skuli baada ya sala ya Alasiri, na saa kumi na moja na nusu mwe njiani kurudi, muda mrefu kabla ya Magharibi. Wasichana mwende kundi moja na mrudi kundi moja kwa kila mtaa. Wazee hawakatai michezo, mwanangu. Wanakataa kutojua binti yao yuko wapi na nani saa ngapi. Basi waambiwe. Iandikwe barua ya skuli, fupi, yenye siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jina la mwalimu wa kike atakayekuwapo. Kama hakuna mwalimu wa kike anayekaa karibu, mwombeni mama mmoja anayeheshimiwa kijijini aje na mkeka wake akae pembeni. Nimeona mama mmoja wa namna hiyo akifungua milango ambayo barua kumi za ofisini zilishindwa kuifungua.

Nije kwa watoto wapya. Hili ni zito, na ndilo nililotaka kulikalia.

Kumvua mtoto viatu na kumchekesha mbele ya watu si makaribisho. Ni udhalilishaji, na Maalim lazima ajue leo, si wiki ijayo. Usiogope kuitwa mchongezi. Mwambie nini kinafanywa, wapi na saa ngapi, nao walimu wa zamu wasimame pale. Lakini walimu hawawezi kuwa kila mahali, na wanaoweza kulimaliza jambo hili ni nyinyi wa kidato cha pili. Mlifanyiwa mwaka jana, mnakumbuka vilivyouma. Hao wanaosema ni zamu yetu, waulize, mdogo wako wa tumbo moja akiingia skuli hii mwakani, utataka akutane na nini?

Kisha wape kazi ya kufanya, maana kijana ukimkataza ovu bila kumpa jema anarudi kule kule. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili ashike mmoja wa kidato cha kwanza. Mvulana na mvulana, msichana na msichana. Amwoneshe choo kizuri ni kipi, maji ya kunywa yako wapi, mwalimu gani anataka daftari la mistari na yupi la miraba. Ampe madaftari yake ya mwaka jana. Usilidharau hilo la madaftari. Mtoto anatoka msingi, anakuta masomo mengi yanasomeshwa kwa Kiingereza siku nzima, na wiki za mwanzo anaona giza tupu. Mwalimu ana darasa zima mbele yake. Wewe una mmoja tu, unaweza kukaa naye chini ya mwembe ukamwambia hii photosynthesis waliyoitaja leo ni majani kujipikia chakula kwa nuru ya jua, mwenyewe unaijua, umeiona shambani kwa babu yako. Dakika kumi kama hizo zinamtoa mtoto machozini. Hiyo ndiyo shughuli ya kwanza ya mwaka wenu, haitaki pesa, haitaki kiwanja, na ianze wiki hii hii.

Angalia pia kalenda kabla ya kuandika tarehe. Miaka hii Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa mwaka wa skuli, na kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja. Mwezi huo msipange kiwanjani chochote. Kidato cha pili na wadogo zao waendelee na madaftari, basi. Baada yake inakuja masika, kiwanja kinageuka bwawa. Masika ni ya ndani, ya mdahalo na jarida la ukutani. Mdahalo kila wiki ni mwingi mno. Uwe mara moja kwa mwezi, na wanaozungumza wawe wale ambao hawajawahi kuzungumza, jina likishasemwa lisirudiwe mpaka wote wapite. Wakubwa waalikwe, wakae nyuma na wapige makofi. Wala si kulipiza. Mtoto wa miaka kumi na tatu akiona kaka wa kidato cha nne amenyamaza anamsikiliza, kimo chake kinaongezeka siku ile ile.

Jarida la ukutani ndilo ninalolipenda kuliko yote mliyoandika. Karatasi kubwa, kalamu za rangi mbili, gundi ya unga, ukuta wa karibu na ofisi. Msijaze vichekesho na picha za wachezaji wa Ulaya. Nendeni kwa wazee wa kijiji muwaulize mambo yenu. Nani alichimba kisima kile, mtaa huu umepataje jina lake, zamani karafuu zilichumwaje na kuanikwa wapi, dau linaundwa kwa mbao za mti gani, mama zetu walianzaje kulima mwani. Kila wiki mtoto mwengine aandike ukurasa, na jina lake liwe chini yake. Mwisho wa mwaka ziondoeni ukutani zote, zishonwe pamoja ziwe kitabu kimoja cha maktaba ya skuli. Wazee wanaondoka, mwanangu, na wanayoyajua yako vifuani mwao tu.

Mvua zikikatika na kipupwe kikiingia, hapo ndipo pa matembezi. Mmelilia Mji Mkongwe, na jirani yenu kuna mambo ambayo watu wanavuka bahari kuyaona. Tumbe, katika wilaya ya Micheweni, kuna magofu ya Chwaka, na humo kaburi la Haruni, ambaye simulizi zinamtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule mtawala mkali wa ngome ya Pujini. Ng'ambo ya Konde kuna msitu wa Ngezi, kipande kilichosalia cha msitu wa asili ulioenea Pemba kabla ya mashamba. Humo mtaukuta mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao kwa asili hauoti popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Kama mko upande wa Wete, Kidike nako si mbali, mtawaona popo wa Pemba, wale wakubwa wenye uso kama wa mbweha. Nao hawapatikani pengine popote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti, ikahofiwa watatoweka. Watu wa vijiji wakakubali kuwalinda, na leo wako kwa maelfu. Chagueni pahala pamoja, pa karibu zaidi, kwa miguu kama panafikika. Maalim aandike barua mapema kwa wanaopasimamia aeleze kuwa ni wanafunzi. Kila mtu abebe muhogo au boflo lake na chupa ya maji. Mkirudi, kurasa za jarida la mwezi mzima zimepatikana.

Kasida ibakie, watoto wa chuoni mnazijua tayari. Maulidi ya Mfunguo Sita miaka hii yanaangukia karibu na Agosti, mna muda wa kujitayarisha. Na la Septemba mlishike, lile Tamasha la Elimu Bila Malipo lina michezo na sanaa. Mwulizeni Maalim mapema skuli yenu itapeleka nini, na ombeni sehemu moja iwe ya wadogo. Kama ni mwaka wa mzao mkubwa wa karafuu, nusu ya darasa mtaikuta mashambani inachuma au inaokota, basi wiki hizo msipange jambo zito, na asiyekuja asiulizwe kwa ukali.

Hapo pana fundo la ratiba yako, na baba yako ameliona kabla yako. Tamasha likimalizika, kidato cha pili mnaacha. Mnaacha kabisa, mnakaa na vitabu mpaka mtihani. Lakini shughuli zisife, kwa hiyo kuanzia Oktoba kila kitu kinakuwa mikononi mwa kidato cha kwanza. Jarida, kiwanja cha Alhamisi, mdahalo. Ndiyo maana nakwambia tangu leo kila kazi iwe na watu wawili, mmoja wa cha pili na mmoja wa cha kwanza, ili mkiondoka wawe wameshaijua. Wao mwakani watawapokea wapya, na hawatawavua viatu.

Nimefika kwenye viti. Kuhudumia wageni si udhalili, mwanangu, na sitaki utoke kwenye barua hii ukidhani kuosha sahani kunakushusha. Mgeni wa skuli ni mgeni wenu nyote. Kosa ni kuwa mlipewa hilo peke yake, na mkapewa nyinyi peke yenu. Mwombeni Maalim mambo mawili kabla ya mahafali. Kidato cha tatu nao wabebe viti, na wahudumu watengewe chakula chao mapema, nyama ikiwemo. La pili ni nafasi ndani ya ratiba ya siku ile, mtunge utenzi wa kuwaaga wakubwa. Utenzi ndio unaofaa kwa wanaoanza. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake ambacho kinarudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Nimekuandikia mmoja wa kuanzia:

Wakubwa mnaondoka
Nafasi tutazishika
Njia mliyoiweka
Nasi tutaipitia

Kila mtoto atunge ubeti wake mmoja, uishie kwa kina hicho cha -ia. Madarasa mawili yatatoa utenzi mrefu wa kutosha, chagueni zilizo nzuri, na mtoto mmoja wa kidato cha kwanza ausome kwa mahadhi. Utungwe kabla ya Oktoba, ili msomaji abaki na mazoezi tu.

Amebaki baba. Usibishane naye, na usimtume mtu wa nje. Ana haki juu ya mtihani. Ila hajaona ratiba, amesikia habari tu, na habari zilizomfikia zilikuwa na safari ya Unguja na michango ndani yake. Ningekuwa mimi ningekataa pia. Andika upya ukurasa mmoja, Alhamisi moja kwa wiki, Ramadhani hakuna, baada ya Tamasha hakuna. Pembeni andika saa zako za kusoma kila usiku, somo kwa somo. Kwanza mwoneshe mama yako. Umesema amenyamaza, na mama anayenyamaza mara nyingi anangoja apewe la kusema. Kisha siku baba ametulia, baada ya sala, mpelekee kwa mikono yako na umwambie, "Baba, nikishuka kwenye mtihani wa nusu mwaka, nitaacha mwenyewe." Uwe unamaanisha. Akikataa bado, mwombe ami yako au Maalim afike nyumbani kuzungumza naye, na akikataa na hapo, mtii, kazi mkabidhi mwenzako, nawe baki na mdogo wako mmoja wa kidato cha kwanza na madaftari yake. Hilo hakuna baba atakayelikataza.

Yule rafiki yako wa kwa bibi yake usimngoje mkutanoni. Mwendee nyumbani. Msalimie bibi yake, kaeni, mwambie mchango umefutwa kwa wote, usitaje kuwa kuna yeyote aliyeshindwa kuutoa. Kisha mpe kazi yenye jina. Bibi anayelea mjukuu Pemba ana hadithi za kujaza jarida mwaka mzima, na ukurasa wa kwanza naomba autoe yeye.

Bi Mshauri